Mupiga ngoma aliyeweka violoni mbele: Max Roach, albamu yake "Bright Moments", na siku ya Lumumba ku ONU

Ukitaja neno "jazz" mbele ya muzee wa hapa kwetu, awe wa Bukavu, Uvira ao Kindu, atakujibu mara moja: Franco. Ama atakuambia Kabasele. Hana kosa. OK Jazz ilianza Léopoldville mwaka wa 1956, na African Jazz ya Joseph Kabasele njo ilitoa "Indépendance Cha Cha" mwaka wa 1960. Lakini zile orkestra zilikuwa zinapiga rumba. Jina "jazz" walilichukua juu lilikuwa jina la kisasa, lenye harufu ya muji mukubwa na suti nzuri. Jazi yenyewe, ile ya Wamarekani weusi, ni muziki mwingine, na wengi hapa wanaiona kama muziki wa hoteli, wa wazungu wenye kushika glasi mukononi.

Leo tunazungumuzia albamu moja ya jazi hiyo. Inaitwa Bright Moments, ilirekodiwa mwaka wa 1986. Waliopiga ni watu munane tu, kiongozi wao ni mupiga ngoma anayeitwa Max Roach, na nusu ya kundi wanapiga violoni na ndugu zake. Tuliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza: vijana wanaopiga muziki makanisani na kwenye ndoa wanatuulizaka kila mara kama mupiga ngoma anaweza kuwa mukubwa wa kundi, ao kama kazi yake ni kusindikiza wengine mpaka mwisho. Ya pili ni ya Kongo kabisa. Huyu Max Roach alikuwa kati ya watu walioingia ku ONU, kule New York, kulalamika juu ya kifo cha Patrice Lumumba. Vijana wengi wa hapa hawajaambiwa hiyo historia.

Mutoto wa kanisa

Max Roach alizaliwa mwaka wa 1924 katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Alipokuwa na myaka mine, wazazi wake walihamia Brooklyn, New York, kama vile maelfu ya familia za watu weusi zilivyokuwa zinakimbia kusini wakati ule. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za injili, na mutoto alianza kupiga ngoma kanisani. Hapo hakuna tofauti kubwa na wapiga ngoma wetu: wengi wao pia shule yao ya kwanza ilikuwa kwaya.

Akiwa kijana wa myaka 21 tayari alikuwa nyuma ya Charlie Parker, mupiga saksofoni, siku ya kurekodi "Ko-Ko" mwezi wa Novemba 1945. Ni muziki wenye mbio ya ajabu. Ili kuelewa Roach alileta nini, fikiria mupiga ngoma wa orkestra ya zamani. Mwendo aliushika kwa muguu, kwenye ile ngoma kubwa ya chini: bum, bum, bum, bum, ili watu wacheze. Kenny Clarke, na Roach pamoja naye, wakaupandisha mwendo juu, kwenye toazi, ile sahani ya shaba inayoning'inia. Mukono mumoja unaendesha safari kule juu, ting-ting-ti-ting, bila kuchoka. Muguu na mukono mwingine vinabaki huru, na vikiwa huru vinaweza kuongea: kujibu saksofoni, kumubishia, kumuuliza swali, kunyamaza ghafla.

Tangu siku hiyo mupiga ngoma wa jazi si saa ya ukutani tena. Anakuwa mutu mwenye maneno yake.

Roach alienda mbali zaidi. Alipanga ngoma zake kwa sauti tofauti, ya juu na ya chini, ili sikio lisikie wimbo na si kelele. Katika albamu yake Drums Unlimited ya mwaka wa 1966 aliweka vipande vitatu vya ngoma peke yake, hakuna trompeti, hakuna piano. Kimoja kinaitwa "The Drum Also Waltzes". Mutu ambaye amesikia ngoma za kijiji zikiitana usiku hatashangaa kwamba ngoma inaweza kushika mazungumuzo peke yake. Wazungu wa muziki njo walishangaa.

Tarehe 15 Februari 1961

Mwaka wa 1960, wakati Kongo yetu inapata uhuru, Roach alirekodi albamu inayoitwa We Insist!, pamoja na mwimbaji Abbey Lincoln, ambaye kisha alikuwa mke wake. Picha ya juu inaonyesha wanaume weusi wameketi kwenye kaunta ya kula ambapo sheria ya wazungu ilikuwa inawakataza kuketi. Kipande kimoja ndani kinalilia Johannesburg, juu ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 1960, ambapo polisi ya Afrika Kusini iliua watu 69.

Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa inatumia jazi kama balozi. Louis Armstrong, trompeti kubwa kuliko zote, alifika Léopoldville mwisho wa Oktoba 1960 katika safari iliyosimamiwa na serikali yake, na akafika mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu walimupokea kwa shangwe. Lakini Lumumba, waziri mukuu aliyechaguliwa, alikuwa amefungiwa nyumbani mwake katika muji uleule. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Habari ilitangazwa rasmi tarehe 13 Februari tu.

Siku mbili kisha, Baraza la Usalama lilikuwa limekutana New York. Balozi wa Marekani, Adlai Stevenson, alikuwa anasema. Kwenye viti vya wageni wakasimama watu makumi kadhaa, wengi wao Wamarekani weusi, wakaanza kulia na kupaza sauti juu ya Lumumba. Walinzi wakawarukia, ikakuwa vita ya ngumi, kikao kikasimama. Abbey Lincoln alikuwa kati ya waliotengeneza ile siku, pamoja na waandishi Maya Angelou na Rosa Guy. Max Roach alikuwa pamoja nao. Mubelgiji Johan Grimonprez aliirudisha historia hiyo mbele ya macho ya watu katika filamu yake Soundtrack to a Coup d'Etat, iliyotoka mwaka wa 2024. Anayeweza kuipata aitazame, hata kama ni ndefu.

Tunaiweka hapa juu bila hiyo mutu anaweza kusikia violoni za mwaka wa 1986 na kusema: huyu muzee amelainika, sasa anatafuta kupendwa na wazungu. Mimi ninaona ni kinyume. Anaendelea na swali lilelile: nani ana haki ya kuketi wapi.

Violoni kama pazia

Vyombo vya kamba na jazi vilikuwa vimekutana zamani. Mwisho wa mwaka wa 1949 Charlie Parker alirekodi na kundi la violoni, na albamu hizo ziliuzwa vizuri. Januari 1955 zamu ilikuwa ya Clifford Brown, kijana wa trompeti ambaye Roach alikuwa anaongoza naye kundi moja. Roach mwenyewe alikuwa kwenye ngoma siku zile. Ukisikiliza diski hiyo, Clifford Brown with Strings, trompeti ni tamu mpaka mutu anasahau kupumua. Lakini violoni ziko pale kama pazia nyuma ya bwana na bibi arusi siku ya picha. Pazia ni nzuri, limepigwa pasi, na hakuna mutu anayelitazama. Zinashika noti ndefu, hazibishi, hazijibu. Na mupiga ngoma, ambaye kwa kawaida alikuwa anaongea, alipashwa kushika fagio ndogo za waya na kupanguza ngoma polepole, kama mutu anayefagia chumba cha mugonjwa.

Clifford Brown hakuishi kuona mambo yakibadilika. Alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa Juni 1956, akiwa na myaka 25, pamoja na Richie Powell, mupiga piano wa kundi, na mke wa Powell. Roach alibaki na jeraha hilo kwa muda mrefu.

Upande wa Los Angeles, mupiga ngoma mwingine, Chico Hamilton, alikuwa ameanza kundi la watu watano mwaka wa 1955 ambamo Fred Katz alikuwa anapiga selo, ile violoni kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Pale kamba ilikuwa ndani ya kundi, haikuwa pazia. Kwa hiyo wazo halikuwa la Roach peke yake. Roach aliongeza uzito: watu wane mbele ya watu wane.

Binti na viola

Roach alikuwa na binti anayeitwa Maxine, na Maxine anapiga viola, dada ya violoni mwenye sauti ya chini kidogo. Alianzisha kundi la wanawake wane weusi, Uptown String Quartet: violoni mbili, viola, selo. Tukumbuke kwamba Marekani, kwa myaka mingi, mutoto mweusi aliyejifunza violoni mpaka mwisho alikuwa hapati kiti kwa urahisi katika orkestra kubwa za simfoni. Na wale wa jazi walikuwa wanamuona kama mutu wa vitabu, asiyejua kucheza bila karatasi. Alikuwa mugeni kwenye nyumba mbili.

Baba akachukua kundi lake la kila siku, akaliunganisha na la binti. Trompeti ya Cecil Bridgewater, saksofoni ya Odean Pope, besi ya Tyrone Brown, ngoma zake mwenyewe. Upande wa pili wale wanawake wane. Akaliita kundi la maradufu. Kabla ya hapo, mwaka wa 1984, alikuwa ametoa Survivors, ambamo ngoma zake zinazungumuza na vyombo vine vya kamba upande mumoja wa diski, na upande wa pili anabaki peke yake. Mwaka wa 1985 wakarekodi Easy Winners, jina walilolitoa kwa Scott Joplin, Mumarekani mweusi aliyeandika kipande hicho mwaka wa 1901. Kisha ikafuata Bright Moments. Albamu hizo zilitoka kwa Soul Note, kampuni ndogo ya Milan, Italia. Ajabu hiyo ni ya kawaida katika historia ya jazi: muziki unazaliwa Marekani, mutu wa kuurekodi anapatikana Ulaya.

Kuna jambo moja ambalo wanamuziki wetu watalishika haraka. Kundi la Roach halikuwa na piano. Tangu mwisho wa myaka ya 1950 alipenda kuiacha. Piano inajaza kila pembe. Inaambia kila mutu noti gani ni halali. Ikiondoka, kunabaki nafasi tupu katikati ya nyumba. Katika Bright Moments vyombo vya kamba vinaingia katika nafasi ile. Havikuja kukaa juu ya muziki uliokwisha kujaa, kama kwa Clifford Brown. Vilikuja mahali palipokuwa panawangojea.

Kwa nini ni kazi mugumu

Ngoma inapigwa na inasikika palepale. Kijiti kinagusa ngozi, sauti imetoka. Upinde wa violoni ni tofauti: nywele za upinde zinapashwa kwanza kushika kamba, kamba ianze kutetemeka, kisha sauti inakua. Ni kitu kidogo sana, lakini katika muziki unaokimbia kitu kidogo hicho kinatosha ili violoni isikike kama mutoto anayekimbia nyuma ya wakubwa. Ili kushika mwendo wa jazi, mupiga violoni anapashwa kutumia upinde mufupi, kuuma kamba, kusukuma noti mbele kidogo ya wakati wake. Shule nyingi za muziki wa Ulaya hazifundishi mwendo huo wa jazi. 

Tatizo la pili ni kelele. Selo haiwezi kushindana na toazi. Mupiga ngoma asiyejua kujizuia atawafunika wote wane ndani ya dakika moja, na vyombo vya sauti havitasaidia. Hapa njo unaona kwa nini Roach alikuwa mwalimu wa kweli. Hapunguzi nguvu, anapunguza sauti. Mwendo unabaki na moto wote, lakini kwa chini, kama makaa chini ya majivu. Wapiga ngoma wa makanisa yetu, ambao mara nyingi mchungaji anawaomba wapige polepole nao wanaishia kupiga bila uhai, wasikilize hilo kabla ya kitu kingine.

La tatu ni karatasi. Muziki wa violoni kwa kawaida umeandikwa noti kwa noti. Jazi inabuniwa papo hapo. Kundi la Maxine lilikuwa linafanya yote mbili. Kuna sehemu zilizoandikwa, ambapo wane wanatembea pamoja, na sehemu ambapo mumoja anaachiliwa aende zake. Tuseme ukweli: si kila dakika inafanikiwa. Pale ambapo vyombo vya kamba vinafuata trompeti na saksofoni neno kwa neno, kuna wakati uzito wa upinde unasikika. Lakini pale ambapo makundi mawili yanaitana, moja likiuliza, lingine likijibu, hakuna kanisa la Kivu ambalo halitaelewa kinachotendeka. Odean Pope mwenyewe, kule Philadelphia, ana kundi alilolitengeneza kama kwaya, lakini wanaoimba ndani yake ni saksofoni.

Majina ya marehemu

Vipande ni vitano. Cha kwanza, kilichotoa jina la albamu, ni cha Rahsaan Roland Kirk, mupiga saksofoni kipofu aliyekuwa anapuliza saksofoni mbili, hata tatu, kwa wakati mumoja. Mwaka wa 1975 alipatwa na kiharusi, upande mumoja wa mwili ukakufa. Akatengenezewa chombo chake na kuendelea kupiga kwa mukono mumoja mpaka alipokufa mwaka wa 1977. Kipande kingine ni heshima kwa Duke Ellington na Charles Mingus. Roach aliwajua karibu: walirekodi watatu tu Money Jungle, mwaka wa 1962. Na Mingus njo alikuwa mwenzake wa kuanzisha Debut, kampuni yao wenyewe ya diski, mwaka wa 1952, ili mwanamuziki mweusi asiombe ruhusa ya kurekodi kazi yake. Kwa vijana wetu wanaouza nyimbo zao kwa bei ya mukate, hiyo ya Debut inafaa kujulikana kuliko hata albamu.

Kipande cha tatu, "Hi-Fly", ni cha Randy Weston, mupiga piano wa Brooklyn, mutu murefu wa karibu mita mbili. Hapo sisi tuna ndugu. Novemba 1960 Weston alirekodi Uhuru Afrika. Ndiyo, jina ni la Kiswahili. Mwanzo wa diski unasikia maneno ya Langston Hughes, na sauti ya Mutanganyika, Tuntemeke Sanga, ikiyasema kwa Kiswahili. Sehemu zake zina majina kama "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Kati ya waliopiga ngoma siku hizo alikuwako Max Roach. Ilikuwa miezi mitatu kabla ya ile siku ya ONU.

Na hapa kwetu?

Mutu atasema violoni ni chombo cha wazungu, inatuhusu nini. Lakini Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka wa 1994, na watu wake walijifunza kwa kupokezana vyombo na kutengeneza kamba kwa mikono yao. Na kabla ya violoni, Bashi walikuwa na lulanga, ile mbao yenye kamba nyingi ambayo muzee anaipiga huku anasimulia habari za ukoo, na Warundi na Wanyarwanda wana inanga. Kamba na ngoma zote ziko zetu. Tatizo ni kwamba siku hizi hazikutani: lulanga inabaki kwa wazee, ngoma kwa vijana, na wazee wanakwenda.

Upande wa mupiga ngoma, mambo ni yaleyale. Kwenye ndoa njo anafika wa kwanza kubeba vyombo, njo anaondoka wa mwisho, na jina lake halionekani kwenye tangazo. Roach alifundisha chuo kikuu cha Massachusetts, Amherst, tangu mwaka wa 1972, na mwaka wa 1988 alipata zawadi kubwa ya MacArthur, ambayo inapewa watu wa elimu na sanaa kule Marekani. Alikufa New York mwezi wa Agosti 2007, akiwa na myaka 83.

Anayetaka kusikiliza asianze na Bright Moments yenyewe. Aanze na "The Drum Also Waltzes", dakika chache tu, ngoma peke yake, ili sikio lizoee kuisikia kama sauti ya mutu. Kisha "Hi-Fly". Na kama ni kwa simu, atafute kitu cha kuweka masikioni, juu spika ya simu haitoi vizuri sauti za chini za selo na besi: utasikia watu watano ao sita, na wengine watakuwa wamepotea njiani.